Alan Cumming: Mskoti aliyeingia Marekani kwa mlango wa jukwaa

Wako watu waliomwona Alan Cumming mara kadhaa kwenye skrini bila kujua kwamba ni mtu yule yule. Katika GoldenEye ya 1995 ni Boris, Mrusi wa kompyuta mwenye majigambo, anayebonyezabonyeza kalamu ya James Bond bila kujua kuwa ni bomu. Katika X2 ya 2003 ni Mjerumani wa rangi ya buluu mwenye mkia, anayetoweka hapa na kutokea kule. Kuanzia 2010 hadi 2016, kwenye mfululizo wa The Good Wife, ni Eli Gold, fundi wa kampeni za kisiasa wa Chicago, mwepesi wa hasira na mwenye Kiingereza cha Kimarekani kisicho na doa. Katika hao watatu hakuna aliye Mskoti. Cumming mwenyewe ni Mskoti wa kuzaliwa, kulelewa na kusomea huko huko.

Ukiuliza alifikaje Marekani, jibu la haraka ni kwamba Hollywood ilimwona, ikampenda, mambo yakamnyookea. Jibu hilo ni tamu lakini halielezi kitu. Ukizipanga kazi zake kwa miaka, utakuta kilichomfanya mtu mkubwa Marekani ni mchezo mmoja wa jukwaani, Cabaret, aliouigiza London 1993, akauigiza New York 1998, akaurudia New York 2014. Filamu zilikuja kandokando ya mchezo huo, nyingine kabla yake, nyingine kwa sababu yake. Na nyuma ya pazia kuna mambo ambayo mashabiki hawayaoni: vyama vya waigizaji, viza, lafudhi, na nchi mbili zinazomhesabu kuwa raia wake.

Kwa mwigizaji wa Uskoti, ugenini huanzia London. Cumming alizaliwa Aberfeldy, katika eneo la Perthshire, Januari 1965, akakulia kwenye miliki ya Panmure karibu na Carnoustie, ambako baba yake alikuwa msimamizi mkuu wa misitu. Baba huyo alikuwa mkatili kwa watoto wake, na Cumming ameyaandika yote hayo waziwazi katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 2014. Anayetaka akisome, mimi nayapita. Baada ya shule alifanya kazi kwa muda mjini Dundee, katika kampuni ya magazeti ya DC Thomson, kisha akaingia chuo cha sanaa za maonyesho cha Glasgow, ambacho leo kinaitwa Royal Conservatoire of Scotland. Hapo chuoni yeye na mwenzake Forbes Masson waliwabuni Victor na Barry, mabwana wawili wa Kelvinside, mtaa wa Glasgow ambao wakazi wake hutaniwa kwa kujitia Kiingereza cha juu. Kwa hiyo suala la nani anazungumza vipi, na anajifanya nani anapozungumza hivyo, lilikuwa mtaji wake tangu akiwa mwanafunzi.

Uskoti ni nchi ya watu wapatao milioni tano na nusu, na kwa ukubwa huo haina njaa ya majukwaa. Dundee Rep ilianza 1939, Citizens ya Glasgow 1943, Traverse ya Edinburgh 1963, kikundi cha Royal Lyceum 1965. Mwigizaji aliyehitimu anaweza kuigiza Shakespeare msimu huu na kichekesho cha Krismasi msimu ujao bila kuvuka mpaka. Lakini mawakala wakubwa, watayarishaji wa filamu na kumbi zenye fedha viko London. Hivyo kuhama kwa kwanza hufanyika kwa treni, kabla hata mtu hajafikiria ndege, na anayehama huanza kuitwa “Mwingereza” na watu wasioijua ramani.

London ilimpokea vizuri. Mwaka 1991 alipata tuzo ya Olivier kwa uigizaji wa vichekesho, katika Accidental Death of an Anarchist pale National Theatre. Mwaka 1993 aliigiza Hamlet, na mwishoni mwa mwaka huo huo, kwenye ukumbi mdogo wa Donmar Warehouse, akaanza Cabaret.

Hapa inafaa tukae kidogo. Donmar ina viti visivyofika 300, na jengo lake liliwahi kuwa ghala la kuivishia ndizi za soko la Covent Garden. Mwongozaji alikuwa Sam Mendes, kijana ambaye hata miaka 30 hajaifikisha. Hadithi ya Cabaret iko Berlin, ukingoni mwa miaka ya 1930: ndani ya klabu ya usiku watu wanacheka na kuimba, nje Manazi wanaichukua nchi. Anayeiunganisha hadithi ni mshehereshaji wa klabu, mhusika asiye na jina, ambaye haijulikani anawacheka Manazi au anacheka nao. Nafasi hiyo ilikuwa na mwenyewe. Joel Grey aliiigiza Broadway, yaani kwenye kumbi kubwa za New York, 1966, akairudia kwenye filamu ya 1972, na filamu hiyo ikampa Oscar. Kuichukua nafasi ambayo mwenzio ameshaipigia muhuri namna hiyo ni kujitafutia lawama.

Mendes na Cumming hawakujaribu kumfuata Grey. Grey alikuwa na suti nadhifu na uso wa poda kama wa mwanasesere. Cumming alitoka kifua wazi, mikanda imempita mapajani, macho yamepakwa wanja mzito. Watazamaji waliketi kwenye meza ndogo zenye taa, kama wateja wa klabu yenyewe, na mshehereshaji aliwaangalia machoni, akawatania, akawafanya washiriki. Mwishoni anavua koti, na ndani yake kuna nguo ya mistari ya mfungwa wa kambi za Manazi, ina nyota ya manjano ya Wayahudi na pembetatu ya waridi waliyovikwa mashoga. Mtu aliyekuwa akicheka naye dakika tano zilizopita hana tena pa kuyapeleka macho. Mimi naona uigizaji wake wote wa baadaye, hata ule wa vichekesho vya televisheni, umetoka kwenye mbinu hiyo: kukuchekesha kwanza, halafu kukufanya ujutie kicheko.

Mchezo huo ulifika Broadway Machi 1998. Kwa nini zaidi ya miaka minne? Sababu moja ilikuwa jengo: ulihitaji ukumbi unaoweza kugeuzwa klabu, na kampuni ya Roundabout hatimaye ikaugeuza ukumbi wa zamani wa Henry Miller. Ila hata jengo likipatikana, mwigizaji wa kigeni hapandi jukwaa la Broadway kwa kualikwa tu. Kuna milango miwili ya kupita.

Mlango wa kwanza ni wa serikali. Viza ambayo wasanii wakubwa huiomba, inayoitwa O-1, ni ya watu wenye kipaji cha pekee, na kipaji hicho huthibitishwa kwa karatasi: tuzo, mikataba, maoni ya magazeti, barua za wakubwa wa fani. Wa pili ni wa chama. Waigizaji wa jukwaani Marekani wana chama chao, Actors' Equity, tangu 1913. Waingereza nao wana Equity yao tangu 1930. Vyama hivi viwili vina utaratibu wa kubadilishana: ukileta mtu wako kwangu, nafasi ipatikane na ya mtu wangu kwako. Mwenye jina kubwa la kimataifa anaweza kupita nje ya foleni hiyo, lakini mtayarishaji lazima aombe, na chama husikilizwa hata kwenye suala la viza. Shabaha ni kulinda ajira. New York ina waigizaji wengi wanaohudumu mikahawani wakisubiri kuitwa, na kila nafasi anayopewa mgeni ni nafasi ambayo mwenyeji ameikosa.

Mlango wa chama si mapambo. Mwaka 1990 Jonathan Pryce, Mwelsh, alitakiwa kwenda Broadway na Miss Saigon, na Equity ya Marekani ikakataa. Ugomvi haukuwa wa uraia pekee. Pryce alikuwa mzungu aliyeigiza mtu mwenye damu ya Kiasia, na waigizaji wenye asili ya Asia walichoka kuona hata nafasi zao chache zikienda kwa wengine. Mtayarishaji Cameron Mackintosh akatangaza kuufuta mchezo wote, chama kikarudi nyuma, Pryce akaenda, na 1991 akapata Tony, tuzo kuu ya jukwaa la Marekani. Nadhani waliolalamika walikuwa na haki, na ushindi wa Pryce haukuifuta hoja yao. Tangu hapo kila mtayarishaji alijua kwamba kumvusha mwigizaji bahari kunaweza kugeuka habari ya ukurasa wa kwanza.

Cumming alivuka bila vurugu, na mwaka huo huo wa 1998 akapata Tony ya mwigizaji bora wa kiume katika mchezo wa muziki. Natasha Richardson, aliyekuwa Sally Bowles, mwimbaji wa klabu, naye akapata yake. Kisha Julai 21 mnara wa lifti ya mafundi ukaporomoka kwenye ghorofa lililokuwa likijengwa jirani, mtu mmoja akafa, barabara ikafungwa na mchezo ukasimama. Ilipofika Novemba walihamia Studio 54, jengo lililokuwa disko mashuhuri la miaka ya 1970. Kwa mchezo kuhusu klabu ya usiku, ajali iliwapeleka mahali panapowafaa kuliko pale pa kwanza. Cabaret ilidumu hapo hadi Januari 2004, maonyesho 2,377 kwa jumla, ingawa Cumming aliondoka mapema zaidi. Ratiba ya Broadway ni maonyesho manane kwa wiki, na mwili una kikomo.

Sasa filamu. Kabla ya Tony alikuwa tayari ameonekana: Mwairlandi mwenye kuchukiza katika Circle of Friends, Boris wa GoldenEye, kasisi wa Kiingereza katika Emma ya 1996. Zilikuwa nafasi za pembeni, zenye ladha lakini za pembeni. Baada ya Tony kilichobadilika ni watu aliowafahamu zaidi kuliko ukubwa wa jina lake kwenye mabango. Julie Taymor, mwongozaji wa jukwaani aliyekuwa ametikisa Broadway kwa The Lion King, alimpa nafasi ya mfalme Saturninus katika filamu yake Titus ya 1999. Jennifer Jason Leigh, aliyempokea Richardson nafasi ya Sally, aliandika na kuongoza naye The Anniversary Party ya 2001, filamu ndogo iliyopigwa kwa kamera za dijitali na kujaa marafiki zao. Rob Marshall, aliyeongoza Cabaret pamoja na Mendes pale New York, alitengeneza Chicago; Mendes mwenyewe akatengeneza American Beauty. Jukwaa moja lilitoa waongozaji wawili wa sinema kubwa. Anayedhani ukumbi na filamu ni dunia mbili zisizojuana aifuate orodha hiyo ya majina.

Wala si yeye peke yake. Brian Cox wa Dundee alianza kazi Dundee Rep akiwa kijana mdogo, hata kudeki jukwaa akadeki. Mwaka 1985 alikwenda New York na mchezo wa Rat in the Skull, na mwaka uliofuata akaonekana kwenye filamu Manhunter kama Hannibal Lecter, muuaji mla watu, wa kwanza kabisa, miaka kadhaa kabla dunia haijamjua mhusika huyo kwa sura ya Anthony Hopkins. Mpangilio ni ule ule: ukumbi wa nyumbani, London, mchezo unaosafiri, kisha kamera.

Fundo gumu zaidi ni lafudhi. Kwa muda mrefu mwigizaji wa Uskoti aliyetaka kula nje ilibidi auache ulimi wake nyumbani. Deborah Kerr alizaliwa Glasgow 1921, na Hollywood ilimtumia maisha yake yote kama mwanamke wa Kiingereza mwenye adabu. Sean Connery alikataa: alikuwa polisi Mwairlandi katika The Untouchables na nahodha wa Kisovieti katika The Hunt for Red October, na wote wawili walizungumza kama mtu wa Edinburgh. Kwa polisi huyo akapewa Oscar. Lakini Connery alikuwa Connery. Ambaye hajawa nyota akifanya hivyo haitwi tena kwenye usaili.

Mambo yamelegea, polepole. David Tennant, Mskoti, alipoigiza Doctor Who, mhusika mkuu wa mfululizo wa televisheni ya Uingereza, kati ya 2005 na 2010 alizungumza kama mtu wa London. Nafasi hiyo hiyo alipopewa Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Kigali 1992 ambaye familia yake ilikimbilia Uskoti mwaka wa mauaji ya kimbari, aliizungumza kwa Kiskoti chake, na wala haikuwa hoja. Gatwa alisoma chuo kile kile cha Glasgow alichosoma Cumming. James McAvoy naye ni zao la chuo hicho. Watazamaji wa huku wanamkumbuka kwa The Last King of Scotland ya 2006, iliyopigwa Uganda, akiwa daktari kijana wa Kiskoti anayevutwa na Idi Amin mpaka anazama. Lafudhi ya McAvoy mle ni kiungo cha hadithi, kwa sababu Amin, aliyetumikia King's African Rifles chini ya maofisa wa Kiskoti, aliwapenda Waskoti kwa ushabiki wa ajabu. Forest Whitaker, aliyejifunza Kiswahili kwa ajili ya Amin wake, ndiye aliyeondoka na Oscar.

Kisa cha Cox kinachekesha zaidi. Katika mfululizo wa televisheni wa Succession alimwigiza Logan Roy, tajiri wa vyombo vya habari. Cox aliuliza mwanzoni kama Logan anaweza kuwa Mskoti, akaambiwa hapana. Msimu wa kwanza ukiwa unaelekea mwisho, waandishi wakabadili mahali alipozaliwa mhusika pakawa Dundee, mji wa Cox mwenyewe. Akajikuta ameigiza karibu msimu mzima bila kujua kwamba mtu wake ni jirani yake wa utotoni.

Cumming ametembea njia zote mbili. Eli Gold ni Mmarekani mtupu. Lakini katika The Traitors ya Marekani, shindano la televisheni analoliendesha, linalorekodiwa kwenye ngome ya Ardross huko nyanda za juu za Uskoti, anakikoleza Kiskoti makusudi, na kujivika suti za mirabaraba na kofia zisizovaliwa na mtu yeyote wa kijijini kwao. Ule nao ni uigizaji, mhusika kama Boris, safari hii ametengenezwa kwa malighafi ya nyumbani. Mwaka 2024 ulimpatia Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, kwa uendeshaji wa kipindi. Kuna Waskoti wanaokunja uso wakiona tartani inauzwa namna hiyo. Mimi siwalaumu, ila naona Cumming anauza kitu huku akikicheka, jambo ambalo Victor na Barry walilifanya zamani sana.

Kilichomwezesha kurudi kwao kikazi ni chombo kingine. Mwaka 2006 ilianza kazi National Theatre of Scotland, isiyo na ukumbi wake: inaunda mchezo, inaupeleka kwenye ukumbi wowote, hata nje ya nchi. Kwa mwigizaji anayeishi New York mfumo huo unafaa mno, maana anakuja kwa mradi mmoja na kuondoka nao. Mwaka 2007 alikuja kuigiza mungu Dionysus katika The Bacchae, kwenye tamasha la Edinburgh. Aliingia akiteremshwa kutoka juu kwa kamba, kichwa chini, amevaa kilti ya dhahabu, makalio wazi yameelekea watazamaji; mungu wa ulevi hakuhitaji utambulisho zaidi. Mwaka uliofuata mchezo ulifika New York.

Mwaka 2012, yeye na John Tiffany, mwongozaji wa The Bacchae, akishirikiana na Andrew Goldberg, wakafanya Macbeth pale Tramway, Glasgow. Cumming aliigiza karibu wahusika wote peke yake, akiwa mgonjwa ndani ya wodi ya wagonjwa wa akili, na daktari na muuguzi wakimwangalia. Mwanzoni anavuliwa nguo zake, zinatiwa kwenye mifuko ya ushahidi kama ya polisi, na kifuani ana mikwaruzo. Hatuambiwi amefanya nini. Mchezo huo, kwa sauti ya Kiskoti kuanzia mwanzo hadi mwisho, ulifika Broadway 2013. Mwaka uliofuata alirudi Studio 54 na Cabaret kwa mara ya tatu, safari hii pamoja na Michelle Williams. Chumba chake cha kuvalia kiligeuka mahali pa sherehe kila baada ya onyesho, hata likazaliwa wazo la baa, na 2017 ikafunguliwa Club Cumming mtaani East Village, New York.

Kuhusu karatasi: alipata uraia wa Marekani 2008 bila kuuacha wa Uingereza, na tangu hapo hana haja ya faili la viza. Mwaka 2009 alipewa nishani ya OBE, ambayo herufi zake zinataja himaya ya Uingereza. Januari 2023 alitangaza kuwa ameirudisha, kwa sababu ya madhara ya himaya hiyo kwa watu iliowatawala. Huku kwetu, ambako babu zetu walilipa kodi ya kichwa, hakuna haja ya kufafanuliwa. Alipigia debe uhuru wa Uskoti kwenye kura ya maoni ya Septemba 2014, lakini kura ilikuwa ya wakazi wa Uskoti tu. Mwanafunzi wa miaka 16 anayeishi Glasgow, awe wa taifa lolote la Umoja wa Ulaya, aliweza kupiga. Cumming wa New York na Connery wa Bahamas hawakuweza.

Tangu Januari 2025 yeye ndiye mkurugenzi wa sanaa wa Pitlochry Festival Theatre, ukumbi wa Perthshire ulioanza 1951 ndani ya hema na kupata jengo lake la sasa 1981. Pitlochry umejulikana kwa mtindo wa zamani wa repertoa: kikundi kimoja cha waigizaji hukaa pale majira ya kiangazi na kucheza michezo kadhaa kwa kupokezana, mtu akiwa mfalme Jumatano na mpishi Alhamisi. Ni kazi ngumu, haina kamera wala tuzo za Marekani, na watazamaji wengi hufika kwa mabasi ya watalii. Akitimiza miaka 60, mtu aliyezoea kuombewa vibali na wengine alipewa bajeti, wafanyakazi na msimu wa kujaza.